Ua mmoja, kaya sita

SWALI: Tuko kaya 6, watu 28 kwa jumla. Tumechanga tukanunua kiwanja Pongwe, Tanga. Tunataka nyumba ndogondogo zitazame ua mmoja, jiko la pamoja, na mita moja ya maji. Wazee wanasema tutagombana hata kabla ya kupaua. Tuanzie wapi?
Jirani mtarajiwa, Tanga

JIBU: Anzeni na hati, msingi utasubiri. Hati ikiandikwa jina moja "kurahisisha mambo", siku mwenye jina akifariki kiwanja chote kinaingia kwenye mirathi yake. Majina yote sita yawemo, na hisa ya kila mmoja itajwe. Pembeni wekeni mkataba: anayetaka kuondoka awauzie kwanza wenzake, kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa, nao wapewe siku 90 za kutafuta fedha.

Ila kinachovunja ujirani hasa ni bili ya maji. Fungeni mita ndogo kila nyumba baada ya ile kubwa, na zote zisomwe siku moja, mbele ya watu wawili. Tuseme kubwa imesoma uniti 42, ndogo zimejumlisha 37. Hizo 5 mnazigawa sawa kwa sita. Pengo likizidi uniti moja katika kila kumi, fungeni bomba zote usiku mtazame kile kinyota usoni mwa mita kubwa, kinachozunguka maji yakipita: kikizunguka, kuna bomba linavuja chini. Kisipozunguka, huenda kuna mwenzenu anachuruzisha maji kwenye ndoo, maana mita yake ndogo huenda isihesabu mchirizi mwembamba, ilhali kubwa huuhesabu pamoja na maji ya wengine. (Hilo lisemwe barazani, bila kutaja mtu.)

Kwa lita 50 kila mtu, mtatumia 1,400 kwa siku, hivyo tangi la lita 5,000 ni akiba ya siku tatu na nusu. Likijaa lina tani 5. Mnara wa mbao msithubutu.

Jiko la pamoja ni jema, lakini kila nyumba ibaki na lake. Wadenmark wa Sættedammen, walioanza mwaka 1972 na kaya 27, walifanya hivyo: nyumba kamili kwa kila familia, na zaidi ya hizo, jengo la pamoja. Lenu likae magharibi mwa ua. Kusi na kaskazi zote hutokea upande wa bahari, kwa hiyo moshi utakwenda zake nje badala ya kuingia vyumbani.