Dakika za Embiid: kwa nini staa anahesabiwa muda, na namna ya kumhesabia

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini Joel Embiid, senta wa Philadelphia kwenye NBA (ligi ya kikapu ya Marekani), anahesabiwa dakika, yaani anawekewa kikomo cha muda wa kucheza, ilhali senta wa zamani Wilt Chamberlain msimu wa 1961-62 alicheza wastani wa dakika 48.5 kwa mechi, yaani kuzidi hata urefu wa mechi yenyewe kwa sababu ya muda wa nyongeza. La pili, kama kuhesabiwa huko kunasaidia chochote, maana Embiid kahesabiwa na bado kaumia. La kwanza nitalipitia haraka. La pili ndilo lenye faida kwa kila anayefundisha au kucheza kikapu, kwa hiyo nitakaa hapo.

Kuhusu Wilt: wanaosema zamani walikuwa wanatembea uwanjani wanakosea, mechi za enzi zile zilikuwa za kupanda na kushuka kuliko hata sasa. Kilichobadilika ni breki. Mstari wa pointi tatu haukuwepo, NBA iliuweka 1979. Senta, yule mrefu wa chini ya goli, alikaa karibu na goli, akaruka na kutua palepale. Senta wa leo anatoka chini ya goli kwenda kumziba mpigaji umbali wa mita 7, anafunga breki kwa mguu mmoja, anageuka, anarudi kugombea ribaundi (mpira uliokosa goli). Ukiwa na mita 2.13 na kilo kama 127, kila breki ya namna hiyo goti linakula mzigo wa mara kadhaa ya uzito wako. Kinachovunja watu wakubwa ni kusimama ghafla na kutua, kilomita wanazokimbia ni suala dogo.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Embiid alichaguliwa wa 3 mwaka 2014 timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya, akakosa misimu miwili mizima, 2014-15 na 2015-16, kwa sababu ya ufa kwenye mfupa wa navikula wa mguu wa kulia. Pitisha kidole upande wa ndani wa mguu wako, juu ya upinde wa unyayo, mbele kidogo ya kifundo: kile kinundu unachokigusa ni sehemu ya mfupa huo. Sehemu yake ya katikati hupata damu kidogo, kwa hiyo ukiingia ufa unapona polepole mno. Ni mfupa uleule uliomsumbua Yao Ming, senta mrefu kutoka China, mwaka 2008, naye miguu ikamlazimisha kustaafu 2011.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Pumzi inarudi haraka. Mtu aliyekaa nje mwezi mmoja, mpe wiki tatu nne za kazi nzuri, mapafu yatakubali. Mfupa na kano haviendi kwa kasi hiyo, vinataka miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, kwa kawaida wiki ya tatu hadi ya nane tangu arudi, ambapo mchezaji anajisikia yuko fiti kabisa, anamwambia kocha "niache nicheze", na anasema kweli kwa anavyojisikia, ila mguu wake bado haujajengeka kubeba anachokiomba. Dakika zinahesabiwa kwa ajili ya kipindi hicho.

Ndiyo maana mechi yake ya kwanza, tarehe 26 Oktoba 2016 dhidi ya Oklahoma City, alicheza dakika 22 tu na akafunga pointi 20. Kikomo kilianza kwenye dakika 20, kikapanda hadi 24, kisha 28, na hakuchezeshwa siku mbili mfululizo. Akaishia mechi 31 kwa wastani wa dakika 25.4, halafu meniski ya goti la kushoto ikachanika akafanyiwa upasuaji.

Watu wakasema: si mmeona? Mimi nasema tuangalie kilichoumia. Dakika chache zilikuwa zinalinda mfupa wa mguu wa kulia, na msimu uliofuata alicheza mechi 63 juu ya mguu huohuo. Meniski ni gegedu lenye umbo la mwezi mchanga, limekaa kati ya mfupa wa paja na wa ugoko, na linaweza kuchanika kwa tukio moja: kutua vibaya, goti kujipinda mguu ukiwa umeganda chini, au mtu kukuangukia. Hilo linaweza kutokea dakika ya 3 au ya 38. Kikomo cha dakika hulinda vitu vinavyochoka kidogo kidogo, yaani mfupa, kano, misuli. Dhidi ya ajali ya goti kinga ni nguvu ya paja na nyonga, ufundi wa kutua, na kutoingia uwanjani goti likiwa limevimba tayari. Januari 2024 alikuwa ametoka kukosa mechi kwa ajili ya goti la kushoto, akacheza tarehe 30 dhidi ya Golden State huku akichechemea, mpinzani akamwangukia mguuni. Upasuaji tena, msimu ukaisha na mechi 39, wakati alikuwa na wastani wa pointi 34.7.

Msimu huo ndio NBA ilianza sheria ya mechi 65: anayetaka MVP (tuzo ya mchezaji bora wa msimu) lazima acheze mechi 65 za angalau dakika 20, mbili tu zikiruhusiwa kuwa kati ya dakika 15 na 20. Naielewa nia yake, mashabiki wanalipa kumwona staa. Lakini kwa mtu mwenye goti la namna ile, sheria inamsukuma aingie siku ambayo daktari angependa akae.

Mfano wa upande wa pili ni staa mwingine wa NBA, Kawhi Leonard, akiwa timu ya Toronto 2018-19. Alicheza mechi 60 kati ya 82, hakuchezeshwa siku mbili mfululizo, halafu kwenye mtoano akacheza mechi zote 24 kwa wastani wa dakika 39.1, ikiwemo moja ya dakika 52 dhidi ya Milwaukee iliyokwenda nyongeza mbili. Wakachukua ubingwa. Akiba ilitumika pale ilipohitajika.

Na gharama ya kumtoa staa isifichwe. Tarehe 12 Mei 2019, mechi ya saba ya kuamua kwenye mtoano dhidi ya hao hao Toronto, Embiid alicheza dakika 45. Akiwa ndani Philadelphia iliongoza kwa pointi 10. Katika dakika zisizofika 3 alizokaa benchi walizidiwa kwa pointi 12, wakafungwa 92-90. Kocha anayemhesabia staa dakika bila kuandaa wa kushika nafasi yake amefanya nusu ya kazi.

Sasa utekelezaji, kwa mechi zetu za FIBA za robo nne za dakika 10.

Kwanza hesabu mzigo wa wiki nzima, mazoezi yakiwemo. Njia rahisi isiyotaka kifaa: nusu saa baada ya kipindi muulize mchezaji kilikuwa kigumu kiasi gani kutoka 0 hadi 10, zidisha kwa dakika za kipindi. Jumatatu dakika 90 kwa ugumu 5 ni 450. Jumatano 90 kwa 7 ni 630. Ijumaa 45 kwa 3 ni 135. Mechi ya Jumamosi pamoja na kupasha, dakika 100 kwa 8, ni 800. Jumla 2,015. Wiki inayofuata nisingevuka 2,200 kwa mtu anayerudi kutoka majeraha. Asilimia 10 si sheria ya mbinguni, ila ni uzio mzuri. Kosa ninalolikuta mara nyingi: mchezaji anapumzishwa mechi ya Jumapili, halafu Jumatatu anapigishwa mazoezi ya kukimbizana kwa saa mbili "kufidia". Mguu haujui kama ile ilikuwa mechi au mazoezi.

Pili, panga dakika ukianzia mwisho. Tuseme kikomo ni 24. Zitoe kwanza dakika 6 za mwisho za robo ya nne, hizo hazigusiki. Kisha dakika 6 za mwanzo za robo ya tatu, 6 za mwisho za robo ya pili, 6 za kwanza za mechi. Umepata 24, na mapumziko mawili ya dakika 8 za saa ya mechi. Kocha anayetumia dakika kuanzia mbele hufika robo ya nne na dakika 2 mkononi, presha inapanda, staa anacheza 31. Muda wa nyongeza nao uamuliwe kabla ya mechi, uandikwe, akabidhiwe msaidizi mwenye saa. Kocha mkuu asiachiwe kazi hiyo katikati ya kelele.

Tatu, benchi. Dakika 8 za mechi, ukiongeza faulo, taimauti na mapumziko kati ya robo, zinaweza kufika robo saa ya kweli. Misuli inapoa, goti linakaza. Avae koti au suruali ndefu, na kabla hajarudi apewe dakika 3: baiskeli ya mazoezi kama ipo, kama haipo achuchumae nusu mara 10, ainuke kwa vidole mara 15, aruke vidogo vidogo mara 10, akimbie hatua fupi nyuma ya benchi. Anayetoka kwenye kiti na kuingia moja kwa moja ndiye anayeshika nyuma ya paja kwenye mbio ya kwanza.

Nne, kipimo cha asubuhi yake. Chukua futi kamba ya fundi nguo, zungusha goti katikati ya pia ya goti (kile kifupa cha mbele), mguu umenyooka na umelegea, andika. Fanya hivyo kila asubuhi palepale. Likizidi kipimo cha kawaida kwa sentimita 1 au zaidi, au maumivu ya kushuka ngazi yakizidi 3 kwa 10, dakika hazipandi, zinashuka kwa ngazi moja. Mechi mbili tatu mfululizo bila uvimbe, ongeza dakika 4. Dawa ya maumivu kabla ya mechi inaharibu kipimo hiki chote, maana inazima kengele.

Nguvu nazo zina vipimo. Kabla ya kumrudisha mtu kwenye kuruka nataka ainuke kwa vidole vya mguu mmoja mara 25 bila kuyumba, na mguu ulioumia usipungue zaidi ya asilimia 10 ya mwenzake. Kwa kano ya chini ya pia inayouma, kukaa nusu kuchuchumaa bila kusogea, mkanda mzito wa mpira ukiwa umezunguka nyuma ya magoti na kufungwa kwenye nguzo, sekunde 45 mara 5, ukipumzika dakika 2 kila mara, huwa kunatuliza na kujenga kwa pamoja. Pumzi ijengwe kwenye baiskeli au bwawani: sekunde 30 kwa nguvu, 60 taratibu, mara 10. Kisha tatu kwa tatu nusu uwanja, ndipo tano kwa tano. Mtu mwenye kilo 127 hupati faida ya kumkimbiza barabarani.

Na kwa viwanja vyetu vya zege, toa dakika 4 kwenye mpango wowote uliousoma mtandaoni, kwa sababu mpango huo uliandikwa kwa sakafu ya mbao. Ligi ikipanga Jumamosi na Jumapili mfululizo na staa wako anatoka majeraha, chagua mechi moja tangu Jumatatu na mwambie mapema ni ipi, ajiandae kwa hiyo. Embiid mwenyewe Oktoba 2024 alisema huenda hatacheza tena siku mbili mfululizo maisha yake yote yaliyobaki kwenye mchezo, na msimu huo bado aliishia mechi 19. Goti lililokwisha kufanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja lina bajeti ndogo. Kama wako ana umri wa miaka 19 na goti zima, anza kuandika hivyo vipimo wiki hii.