Ultrasaundi ya miguu kabla ya kuondoa ngozi ya mapaja

SWALI: Shikamoo daktari. Nilipunguza uzito sana, na sasa ngozi ya mapaja yangu imelegea, inasuguana na kunichubua wakati wa joto. Daktari wa upasuaji amekubali kuiondoa, lakini anataka kwanza nipigwe ultrasaundi ya miguu yote miwili. Shangazi yangu anasema kipimo hicho ni cha wajawazito. Naye rafiki yangu alipunguzwa mafuta ya mapaja kwa ultrasaundi. Je, ni kitu kimoja?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Shangazi amezoea kukiona kipimo hiki kliniki ya wajawazito, lakini mawimbi yaleyale ya sauti huonyesha pia mishipa ya damu, na hapo ndipo daktari wako anapopalenga.

Katika upasuaji huu ngozi hukatwa upande wa ndani wa paja, kuanzia kwenye kinena na, ikiwa ni nyingi, kushuka hadi karibu na goti. Papo hapo, ndani ya mafuta, hupita mshipa mkubwa wa safena, unaopanda kutoka kwenye kifundo cha mguu na kumwaga damu katika vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) kuu ya paja, ukiandamana na mirija ya limfu, yaani vijia vinavyorudisha majimaji ya mwili kwenye damu. Mirija hiyo ikikatwa ovyo, majimaji yanaweza kujikusanya chini ya mshono, au mguu ukabaki umevimba kwa muda mrefu. Kwa kuwa mirija hiyo ni myembamba mno kuonekana vizuri kwa mashine ya kawaida, mshipa wa safena ndio unaotumika kama alama: mgonjwa husimama ili vena zijae, mpimaji hupaka jeli, huufuata mshipa kwenye skrini na kuchora njia yake juu ya ngozi kwa kalamu ya wino.

Kipimo hichohicho hutafuta damu iliyoganda. Vena yenye afya hubonyea na kujifunga inapokandamizwa, ilhali yenye bonge la damu hukataa. Kwa maoni yangu si kila mgonjwa anayekihitaji, ila sisiti kukiagiza kwa mwenye vena zilizovimba na kujipinda, aliyewahi kuganda damu, au ambaye mguu wake mmoja ni mnene kuliko mwingine.

Baada ya upasuaji faida yake huwa kubwa zaidi. Uvimbe laini ukitokea pajani, ultrasaundi husaidia kutambua kama ni majimaji au damu, na huongoza sindano ya kuyanyonya. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukibanwa pumzi au kifua kikiuma, ni dharura.

Alichofanyiwa rafiki yako ni jambo jingine kabisa. Kwake mawimbi yalikuwa tiba: yenye nguvu zaidi, ya kulegeza mafuta kabla ya kunyonywa. Njia hiyo haikati ngozi iliyozidi, na ikitumiwa vibaya inaweza kuunguza. Kwa ngozi kama yako, kunyonya mafuta peke yake kunaweza kuiacha ikining'inia zaidi.

Muulize daktari wako kama njia ya mshipa itachorwa kwenye ngozi, na ikiwa ndivyo, omba kipimo kifanyike karibu na siku ya upasuaji, kwani wino hufutika kwa kuoga.