Ukishaingia Wanne wa Mwisho, Pigania Ukuta Wako

Juzi kijana mmoja wa Ngamiani, Tanga, kaniandikia: "Shikamoo dada, nimeingia wanne wa mwisho kwenye tuzo ya sanaa. Nifanye nini ili nishinde?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Nakujibu hapa ili na wenzako wasome, maana najua wengi mnaonifuatilia mnaiota siku hiyo. Ushindi uko mikononi mwa majaji. Kilicho mikononi mwako ni maonyesho, na hayo ndiyo ya kupigania.

Mimi nilipoteuliwa, nilipeleka picha tatu kubwa za mama zetu wanaokaanga samaki pale sokoni Bagamoyo. Sikuzichora kwenye turubai la dukani. Nilinunua matanga chakavu kwa manahodha, nikayafua mpaka chumvi ikatoka, nikayapaka gundi, halafu viraka na mishono yake nikaiacha ionekane. Zile picha nazipenda mpaka kesho. Habari ya kuteuliwa ilifika Dunda, kwetu Bagamoyo, kabla yangu. Nilipokelewa kwa vigelegele.

Basi nikafika ukumbini mkesha wa ufunguzi. Kazi zangu nikazikuta kwenye korido ya kwendea chooni, taa imeungua. Kibandiko kimeandikwa "batiki". Batiki! Batiki huchorwa kwa nta, na nta sikuigusa katika picha zile. Nikaomba kibadilishwe, nikaambiwa "tutarekebisha", na maonyesho yakafungwa kibandiko ni kilekile. Usiku wa tuzo shangazi yangu alitoka Bagamoyo na gauni alilolishonesha kwa ajili ya siku ile, akapita mbele ya picha zangu asizitambue kwa giza. Tuzo alipewa mwenzangu, na alistahili. Hilo halikuniuma. La korido linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla kazi haijatoka nyumbani, uliza kwa maandishi itatundikwa ukuta gani, mwanga utatoka wapi, nani anagharamia usafiri wa kwenda na kurudi, na ikichanika nani atalipa. Maneno ya kibandiko yaandike wewe: jina lako, jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo. Usimwachie mtu akubatize. Chora kwa penseli jinsi unavyotaka kazi zikae, upelekee waandaaji. Watakuona msumbufu, wacha wakuone.

Mtazame Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954. Alishinda Turner Prize, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017 akiwa na miaka 63, mwaka uleule kikomo cha umri cha miaka 50 kilipoondolewa. Kwenye maonyesho ya walioteuliwa, pale Ferens Art Gallery mjini Hull, ilikuwepo kazi yake ya mwaka 1986, A Fashionable Marriage: maumbo ya watu yaliyokatwa na kupakwa rangi, yamesimama sakafuni kama waigizaji jukwaani. Kazi ya namna hiyo ibane kwenye korido uone kama itabaki na uhai. Nafasi nayo ni sehemu ya kazi. Na pesa? Mshindi alipata pauni 25,000, na watatu waliobaki walipata pauni 5,000 kila mmoja. Kwa hiyo ukiuliza malipo ya walioteuliwa, huna tamaa. Mimi sikupewa hata nauli.

Baada ya ufunguzi wenzangu hawakuonekana tena. Mimi nilikuwa nakwenda, nakaa kwenye korido ileile, kila anayepita namsalimia na kumweleza tanga lile lilitoka kwenye ngalawa ya nani. Mlinzi akaniletea taa yake mwenyewe, Mungu ambariki. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alisimama akauliza bei, nikamtajia bila kigugumizi, akanunua picha ya kati. Tangu hapo ananiletea wateja, na hakuna jaji aliyewahi kunifanyia hivyo.

Vijana, acheni kukaa nyumbani mkingoja kutangazwa! Edward Said Tingatinga, ambaye kabla ya kuchora alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko kwenu Tanga, hakungoja jopo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 picha zake za rangi ya mafuta kwenye hadibodi ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, na hadi anafariki mwaka 1972 alikuwa ameshawafundisha wengine. Kaeni na kazi zenu. Zisemeeni. Bei mliyomtajia mgeni asubuhi iwe ndiyo mtakayomtajia jirani jioni.

Na wewe wa Ngamiani, waandaaji lazima watakupa fomu ya kusaini. Tafuta kifungu cha tarehe ya kurudishiwa kazi. Kama hakipo, dai kiandikwe, maana picha zangu mbili zilizobaki nilizifuata mwenyewe zikiwa zimekunjwa kama shuka. Nitumie hiyo fomu kabla hujatia saini, tuisome pamoja.