Kumuuguza mavyaa asiyeshukuru: thawabu zipo?

Dadangu wa Kisauni, umeuliza kama unapata thawabu kwa kumuuguza mavyaa aliyepooza, naye kila siku anakununia na mawifi hawakanyagi. Unapata, tena sana. Wajibu wa kumhudumia ni wa wanawe, mumeo akiwemo. Yako wewe ni ihsani, na Mola hapotezi ujira wa wafanyao mema.

Weka nia kabla hujafungua mlango wake. Surat Al-Insan, aya ya 9, inawataja wanaolisha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wasiotaka malipo wala shukrani. Basi kununa kwake hakukupunguzii kitu. Kinachopunguza ni masimango: Al-Baqara, aya ya 264, yasema sadaka hubatilishwa na masimbulizi na udhia. Lile neno la kumrushia wifi kwenye simu, "mamako namwosha mie", liache. Lakini kuomba msaada si masimango. Mwambie mumeo waziwazi ashike zamu ya usiku, nawe ulale.

Na khidma yenyewe uifanye vizuri, hiyo pia ni ibada. Mgeuze kila baada ya saa 2, uangalie visigino, nyonga na kitokono. Wekundu usiopotea ukibonyeza ndio mwanzo wa kidonda, usiusugue, muondoe uzito hapo. Uji mpe ameketi wima, kijiko kidogo, upande wa mdomo usiopooza, na usimlaze mpaka ipite nusu saa. Uji mwepesi sana humpalia upesi, mzito kiasi humezeka. Akikohoa kila akinywa, mpelekeni hospitali.