Nyufa nyuma ya nyumba: "Dar hakuna milima, tunaogopa nini?"

SWALI: Habari za kazi. Mi nakaa Goba, kiwanja chetu kiko mteremkoni, tulikipata bei poa, fundi akakata kilima kwa nyuma ili apate pa kuweka msingi, sasa umebaki ukuta wa udongo mtupu kama mita nne hivi. Tangu mvua za juzi kule juu kumetokea ufa vidole viwili vinaingia, na karo la choo la jirani liko hapohapo. Baba Junior anasema maporomoko ni mambo ya Hanang huko, tujaze tu viroba vya mchanga. Eti ni kweli?
*Mama Junior, Goba*

JIBU: Mama Junior, kwanza leo mvua ikinyesha msilale vyumba vya nyuma, na ikizidi hameni kabisa mkalale kwa ndugu. Mengine tutaongea mkiwa salama.

Baba Junior yuko sahihi nusu. Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, ule ni mlima mkubwa wa volkano, tope lilishuka na mawe na magogo mpaka Katesh na watu zaidi ya 80 wakafa. Tope la namna ile hulipati Goba. Ila Aprili 2024 kule Itezi, Mbeya, kilima cha Kawetele kilishuka kikafukia nyumba na shule, na hicho ni kilima tu cha mjini. Mita nne za udongo zikidondokea chumba cha watoto, hazijali kama mlima una jina au hauna.

Udongo unasimama mteremkoni kwa sababu chembe zake zimebanana. Maji yakiingia katikati yanaongeza uzito, halafu yanazisukuma chembe ziachiane, yani mzigo unazidi huku kinachoushikilia kinapungua. Fundi wenu kakata mguu wa kilima, pale pale kilipokuwa kimeegemea. Na huo ufa si wa jua, hiyo ni dalili kilima kimeshaanza kutembea, na kila mvua inamwaga maji humo ndani moja kwa moja. Karo ndo balaa lenyewe maana likivuja linalowesha udongo hata kiangazi, we unadhani pamekauka kumbe chini ni uji.

Viroba vinasaidia kugeuza maji, havizuii kilima, na mkivipanga kule juu mnaongeza mzigo. Ukuta wa mawe sawa, ila uchorwe na injinia sio fundi wa kukisia, nyuma yake kokoto, na uachiwe vitundu vya kutolea maji. Nimeona kuta nyingi za hapa mjini zimezibwa plasta nzuuri hazina hata kitundu, mvua mbili tatu zikaanza kutoa tumbo. Kwa sasa zibeni ufa kwa udongo wa mfinyanzi, funikeni turubai, chimbeni mfereji juu yake upeleke maji pembeni (sio kwa jirani wa chini jamani). Suala la karo lifikisheni serikali ya mtaa, msigombane wenyewe. Na migomba sahau, mizizi yake iko juujuu, bora nyasi za vetiva, zinazama mita mbili na zaidi, ingawa ufa ulioshafunguka nyasi haziurudishi.

SWALI: Nitajuaje kinataka kushuka, na nikimbilie wapi?
*Msomaji, Kimara*

JIBU: Milango inaanza kugoma kufunga, nguzo na miti inalala, chemchemi inatokea pasipokuwa na maji. Kama uko karibu na korongo na maji yamepungua ghafla wakati mvua bado inapiga, usifurahi, huenda udongo umeziba huko juu na ukiachia unakuja wote. Kimbia kwa ubavu, toka kwenye njia yake, usishuke nao bondeni maana unakushinda mbio. Ukishafika salama piga 114, Zimamoto. Na mvua ikikatika usirudi siku hiyohiyo kufuata tivii, maji bado yanashuka taratibu ndani ya udongo.