Faili ipo, lakini seva moja inakataa kuisoma

Swali: Habari ya kazi, mhandisi. Tuna seva mbili za Linux zinazosoma bei.csv kutoka hifadhi ya pamoja kwa NFS toleo la 3, njia ya kusoma faili za kompyuta nyingine kupitia mtandao. Kila saa seva ya tatu huandaa faili mpya na kuiweka juu ya ile ya zamani kwa amri ya `mv`. Mara kwa mara seva moja hukwama katikati ya kusoma na kutoa “Stale file handle”, ilhali nyingine inaendelea vizuri. Nikipiga `ls` kuorodhesha faili, faili ipo. Tuongeze RAM?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. RAM usiiguse.

Programu ikishafungua faili, NFS haishiki tena jina. Inashika kitambulisho chenye namba ya inodi, yaani rekodi ya faili yenyewe kwenye diski. `mv` ikipita, jina bei.csv linahamia kwenye inodi mpya na ile ya zamani inabaki bila jina. Ingekuwa diski ya ndani, Linux ingeitunza mpaka msomaji wa mwisho aifunge. Seva ya NFS toleo la 3 haiweki kumbukumbu ya nani amefungua nini, basi inaifuta papo hapo. Programu yako inarudi kuomba kipande kinachofuata kwa kitambulisho cha marehemu, inapewa kosa namba 116, ndilo hilo “Stale file handle”. `ls` inatafuta kwa jina, ndiyo maana inakuonyesha faili nzima.

Wengi watakushauri uunganishe hifadhi kwa chaguo la `noac` ili kuzima kache (nakala ya muda) ya sifa za faili, ambayo kwa kawaida hudumu sekunde 3 hadi 60. Mimi sikushauri. Kila ulizo litapanda mtandaoni, uandishi utakuwa mzito, na inodi iliyofutwa haitafufuka.

Fanya hivi kwenye seva inayoandika, kabla ya `mv`:

`ln -f bei.csv bei.awali.csv`

Sasa inodi ya zamani ina jina la pili, haifutwi, na aliyekuwa anasoma atamaliza kwa amani. Itaishi mpaka mzunguko wa saa inayofuata. Hakikisha pia faili mpya inaandikwa ndani ya hifadhi hiyohiyo. Ukiiandika /tmp, folda ya muda iliyo nje ya hifadhi hiyo, `mv` inageuka kuwa kunakili, na msomaji anaweza kukuta nusu ya bei.

Programu inayoshikilia faili wazi zaidi ya saa moja bado inaweza kupata 116. Hiyo irekebishe kwenye msimbo: ikipata kosa hilo, ifunge faili, iifungue upya kwa jina, ianze kusoma tangu mstari wa kwanza. Isiendelee ilipoishia, kwa sababu itachanganya bei za saa mbili tofauti.