Kurekodi mafundi wa majahazi kwa simu: usikope, anza na sauti

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Babu yangu na wajomba zangu ni mafundi wa majahazi kule Matondoni, na nataka kuirekodi kazi yao wakiwa bado wana nguvu. Natumia simu. Uso wa babu unatoka mweusi huku bahari nyuma yake inang'aa, sauti ni upepo mtupu, picha inayumba, na usiku nikirekodi ndani ya nyumba taa zinachezacheza. Rafiki yangu anasema nikope nikanunue kamera. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usikope. Kamera mpya nayo, ukiielekeza baharini babu akiwa kivulini, itakupa uso uleule mweusi, na maiki iliyo ndani yake itanasa upepo uleule. Nitaanza na sauti. Watu huvumilia picha hafifu, lakini wasiposikia anachosema babu wataizima video hapo hapo.

Lamu haikosi upepo. Kaskazi ikiondoka, kusi inaingia. Tundu la maiki ya simu halina kinga, na upepo ukilipiga hutoa ngurumo ambayo ni vigumu kuiondoa baadaye bila kuharibu na sauti ya mtu. Basi uzuie upepo kabla hujabonyeza. Matondoni mna ukuta wa bure: ubavu wa jahazi lenyewe. Mketishe babu upande ambao upepo haufiki, kisha umsogelee. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayokufikia hubaki robo tu. Ukisimama hatua mbili badala ya nne utaisikia tofauti siku hiyo hiyo.

Kama huna maiki ya kubana kwenye nguo, azima simu ya pili. Chomeka iafoni za waya, washa programu ya kurekodi sauti, na maiki ya iafoni uibane kwenye shati la babu, kama shibiri moja chini ya kidevu, isiguse kitambaa kinachocheza. Simu zote mbili zikisharekodi, piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri utaoanisha mlio wa kofi na picha ya viganja vikikutana, na maneno yote yatakaa mahali pake. Babu akinyamaza, usizime. Rekodi dakika nzima ya kazi peke yake: tezo ikichonga, nyundo ikishindilia pamba ya kalafati, ile ya kuziba nyufa kati ya mbao. Sauti hiyo ukiitandaza chini ya maelezo yake, hakuna atakayesikia ulipokata na kuunga.

Sasa uso mweusi. Simu hupima mwanga wa picha nzima, ikaona bahari inawaka, ikapunguza kila kitu. Dawa ya kwanza ni kugeuka: wewe uipe bahari mgongo, babu abaki chini ya kivuli cha makuti akiangalia upande wako, nyuma yake ziwe mbao au mataruma, yaani mbavu za chombo. Mwanga unaoakisiwa na maji na mchanga utamwingia usoni taratibu, na kwa maoni yangu hakuna taa ya kununua inayoushinda. Dawa ya pili ni kugusa uso wake kwenye kioo cha simu na kushikilia kidole mpaka alama ya kufunga itokee. Hapo mwanga na fokasi (ukali wa picha) havitabadilika akipita mtu nyuma. Fanya hivyo pia ukiwa mjini kwenye kuta nyeupe za chokaa, kwani nazo huidanganya kamera vilevile.

Lamu iko karibu digrii mbili tu kusini ya ikweta. Jua la saa sita linasimama utosini na kuyajaza macho ya mtu kiza, hasa mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba. Kazi ya nje ifanye kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Mchana baki bandani.

Taa zinazochezacheza ni jambo la umeme. Umeme wa Kenya ni hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupwesa mara 100 kwa sekunde. Kwenye mipangilio ya video chagua fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazounda kila sekunde ya video, na kama simu inaruhusu kuweka spidi ya shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, weka 1/50 au 1/100 ya sekunde.

Kuyumba ni tabia ya kutembea na kamera. Bana viwiko mbavuni, egemea kitu, hesabu moja hadi kumi picha ikiwa imetulia ndipo uzime. Usivute picha kwa vidole, songea kwa miguu. Kazi moja ichukue vipande vingi: chombo kizima, babu na wenzake, mikono, ncha ya chombo cha kazi ikigusa mbao, uso, halafu kile kilichokamilika. Mikono ndiyo watu wengi huisahau, na ndiyo yenye elimu yote. Futa lenzi kwa kitambaa safi kila mara, maana chumvi ya bahari huifanya picha kama ina ukungu. Weka hali ya ndege ili simu isiite katikati ya maneno. Na mtu yeyote atakayeonekana, hasa akina mama, aombwe ruhusa kwanza.

Ubora wa picha wa 1080 unakutosha, huhitaji ule wa juu zaidi uitwao 4K. Kwa iPhone, kwa mfano, dakika moja ya 1080 yenye fremu 30 hula takriban MB 60, ya 4K hula takriban 170, na wewe una saa nyingi za kurekodi.

Ukipata hela, nunua maiki ya kubana nguoni kabla ya kitu kingine, kisha stendi ya miguu mitatu. Dukani tazama plagi ya maiki. Ya simu yenye tundu la duara huwa na pete tatu nyeusi. Yenye pete mbili ni ya kamera, na kwenye simu haitafanya kazi bila adapta. Kama simu yako haina tundu hilo, omba yenye kichwa kinachoingia kwenye tundu la chaja, uijaribu papo hapo kwenye simu yako kabla hujalipa.